Nataka kuwa mwalimu wa shule ya serikali: maswali ya vijana wa Mtwara na Lindi

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, simu yangu haipumziki. Anapiga binti kutoka Liwale, anapiga mzazi kutoka Nanyamba, na mwingine ananikamata sokoni Newala nimeshika mihogo mkononi: "Mwalimu, samahani, kijana wangu anataka ualimu, aanzie wapi?" Mimi nafundisha Hisabati na Fizikia katika sekondari ya kata, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Majibu nimeyatoa kwa mdomo miaka mingi, sasa nayaandika. Naomba myasome bila haraka, hasa pale penye habari za majina na vyeti. Vijana wetu wengi hawakwami kwa kukosa akili. Wanakwama kwenye karatasi na tarehe.

Nimeishia kidato cha nne. Naweza kuwa mwalimu?

Unaweza, ukiwa umepata daraja la I, la II au la III. Zamani njia ya kawaida kwa mwenye kidato cha nne ilikuwa Astashahada, ile tuliyozoea kuiita Daraja A, miaka miwili, kisha unakwenda kufundisha shule ya msingi. Walimu wengi waliotufundisha sisi kusoma na kuandika walipita hapo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeelekeza kiwango kipande hadi Stashahada. Kwa hiyo kijana anayemaliza kidato cha nne leo ajipange kwa Stashahada ya miaka mitatu, iwe ya elimu ya awali, ya msingi, au ya masomo ya sayansi kwa sekondari. Mwaka mmoja wa ziada usikutishe. Ukishaajiriwa, ngazi yako ya mshahara inaanzia juu ya ile ya Astashahada.

Nilipata daraja la nne. Je?

Chuo cha ualimu hakitakuchukua kwa cheti hicho. Jisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie masomo yaliyokuangusha. Nimewaona waliorudia Hisabati na Bayolojia wakiwa wanauza vitenge Masasi mchana na kusoma usiku, na leo wako darasani. Si aibu hata kidogo.

Nimemaliza kidato cha sita. Niende chuo cha ualimu au chuo kikuu?

Inategemea pointi zako na mfuko wa nyumbani.

Stashahada baada ya kidato cha sita ni miaka miwili. Wanataka daraja la I hadi la III, na masomo mawili ya kombi uliyofaulu kwa alama A hadi E. Shahada ya ualimu ni miaka mitatu. Hapo wanaangalia masomo mawili ya kombi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ukihesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili ametimiza kiwango cha chini. Mwenye E mbili bado, ila mlango wa Stashahada anao, na kutoka Stashahada anaweza kupanda Shahada baadaye akiwa na wastani mzuri. Njia hiyo ya kupanda ngazi kwa ngazi ndiyo niliyopita mimi. Sijutii, maana nilipofika chuo kikuu nilikuwa nimeshasimama mbele ya watoto na nilijua ninachokitafuta.

Vyuo gani viko huku kwetu?

Vya serikali, Mtwara mjini viko viwili, Mtwara Kawaida na Mtwara Ufundi. Wilaya ya Newala kuna Kitangali. Lindi kuna Nachingwea. Kwa Shahada, Mtwara kuna chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris, ambacho watu wanakiita STEMMUCO, na Chuo Kikuu Huria kina vituo vyake mikoani. Huria kinamfaa zaidi aliyekwisha kuajiriwa au mama mwenye watoto asiyeweza kuhama.

Ila usichague chuo kwa sababu kiko karibu na nyumbani tu. Angalia kinatoa kozi gani mwaka huo. Anayetaka kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu, kwa mfano, chuo chenye sifa ya kazi hiyo ni Patandi, kule Arusha. Ni mbali, lakini wataalamu hao huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi, na watoto wanaowahitaji tunao.

Maombi ya chuo yanapelekwa wapi?

Vyuo vya serikali, unaomba kwa mtandao kupitia mfumo wa Wizara ya Elimu, tangazo likitoka. Vyuo binafsi, unaomba chuoni moja kwa moja, lakini hakikisha kwanza kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Chuo kikuu, unaomba kwenye chuo husika ndani ya dirisha linalotangazwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Tarehe ndizo zinazotuumiza. Kijana yuko shambani kwa babu yake Nanyumbu, hana mtandao, tangazo linatoka na kufungwa yeye hana habari. Kama kwenu mtandao hausomi, kubaliana na mtu mmoja wa mjini unayemwamini akuangalizie kila wiki. Mtu mmoja, kwa makubaliano ya wazi. Usiseme "wakubwa wataniambia".

Ada tutaitoa wapi?

Nazungumza na wazazi. Huku pesa yetu ni korosho, na korosho ina majira yake. Minada inachangamka kuanzia Oktoba, wakati mara nyingi vyuo vinakuwa vimeshafungua na mwanafunzi ameshaambiwa alipe. Mzazi mwenye mtoto kidato cha nne mwaka huu, fedha ya mnada wa msimu huu uitenge sasa, kabla ya harusi na kabla ya sherehe za unyago na jando za Desemba. Nasema hivi kwa heshima zote, maana mila zetu nazipenda na wanangu mwenyewe nimewacheza. Lakini nimeshuhudia nafasi ya chuo inapotea kwa laki mbili, nyumbani kukiwa na maturubai na muziki wa siku tatu.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo upo kwa wanaosoma Shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 umefunguliwa pia kwa baadhi ya fani za Stashahada zenye kipaumbele, ualimu wa sayansi na hisabati ukiwamo. Yatima aandae mapema cheti cha kifo cha mzazi na akihakiki RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Hiki ndicho kinachokosekana kila mwaka, kwa sababu vijijini tunazika vizuri na kusoma hitima, lakini cheti hatukifuati.

Masomo gani yana nafasi zaidi?

Fizikia, Hisabati, Kemia, Bayolojia. Sasa wanatafutwa pia walimu wa masomo ya amali, yaani ya ufundi na kazi za mikono, kwa sababu ya mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024. Historia, Kiswahili na Jiografia zina wahitimu wengi kuliko viti. Simkatazi anayependa Kiswahili asisome Kiswahili, ningekuwa namdhulumu yeye na watoto atakaowafundisha. Ninachomwomba ajue foleni yake ni ndefu na ajipange kungoja.

BTP ni nini, na kwa nini wanafunzi wanaiogopa?

Ni mazoezi ya kufundisha. Unatolewa chuoni, unapelekwa shule halisi yenye watoto halisi, unafundisha wiki kadhaa huku mkufunzi akija kukutathmini. Anaweza kufika siku ambayo hukumtarajia, akakaa dawati la nyuma na karatasi yake.

Hapa nikae kidogo, maana karatasi zote nilizozitaja na nitakazozitaja zinakufikisha tu mlangoni. Kazi yenyewe inajifunzwa hapa.

Nilifanya BTP yangu shule moja ya msingi, darasa la pili, watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati. Andalio langu la somo lilikuwa zuri sana: malengo, hatua, dakika, kila kitu kwa mwandiko wa kupendeza. Somo lilikuwa kutoa kwa kuchukua. Nikaandika ubaoni 42 kutoa 17, nikaeleza kuchukua kumi moja kutoka makumi. Watoto wakanitazama kama wanatazama mvua. Nikaeleza tena kwa sauti ya juu zaidi. Hakuna kilichobadilika. Mwalimu mlezi wangu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akainuka taratibu, akatoka nje, akarudi na upande wa kanga umejaa korosho ghafi. Akamwita mtoto mbele. Vifuko vinne vya kumi kumi, na korosho mbili pembeni. "Mwenzio anataka kumi na saba. Hizi mbili zinatosha saba?" Mtoto akasema hazitoshi. "Sasa utafanyaje?" Mtoto akafungua kifuko kimoja bila kuambiwa. Darasa zima likapumua.

Jioni yule mama hakunisema. Alichukua andalio langu, akaenda kwenye mstari wa zana za kufundishia ambapo niliandika "ubao na chaki", akanipa kalamu.

Kwa hiyo ukienda BTP, nenda na azimio la kazi, andalio la somo, nukuu na shajara, vyote viwe safi, maana vinakaguliwa. Lakini siku ya kwanza usifundishe. Omba ukae nyuma umtazame mwalimu wa darasa. Jua watoto wanaoketi mbele kwa sababu hawaoni vizuri. Jua nani anaongea Kimakonde, Kimwera au Kiyao nyumbani na Kiswahili anakikutia shuleni. Mtoto wa darasa la kwanza anayenyamaza si lazima awe mzito. Huenda bado anatafsiri kichwani.

Nina Shahada, lakini si ya ualimu. Nimefungiwa?

Hapana. Soma Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ni mwaka mmoja, na Chuo Kikuu Huria wanayo. Mwenye Shahada ya Kemia au Hisabati akiongeza hiyo anaweza kuomba nafasi za ualimu pale tangazo linapowataja.

Nikihitimu, serikali inaniajiri moja kwa moja?

Haiajiri moja kwa moja, na hili liwekwe wazi kabla mtu hajauza ekari yake. Kuna wakati mhitimu alimaliza chuo na kupangiwa kituo bila kuomba. Baadaye tukawa tunaomba kupitia TAMISEMI, ndiyo njia iliyoniingiza mimi baada ya kungoja miaka mitatu. Tangu 2024 ajira za walimu zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unafungua akaunti kwenye portal.ajira.go.tz, unajaza taarifa, unaomba nafasi inapotangazwa, kisha unafanya usaili: mtihani wa mchujo wa kuandika, halafu mahojiano. Wanaofaulu na nafasi zikawa hazijawatosha wanawekwa kwenye kanzidata.

Masharti ya kawaida: uwe raia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 45, uwe na vyeti halisi vya kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama umekifikia, na cha taaluma. Hati za matokeo za muda na barua za chuo hazikubaliki badala ya cheti.

Nina miaka 38 na watoto watatu. Nimechelewa?

Dada yangu, hesabu nami. Stashahada miaka mitatu, unakuwa na 41. Kungoja miaka miwili au mitatu, 44. Muda upo lakini ni mwembamba, usiupoteze hata mwaka mmoja. Kama una kidato cha sita, chukua ile ya miaka miwili.

Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa si sawa na la cheti cha kidato cha nne. Ni tatizo?

Ndiyo, na huku kwetu ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chukua mfano wa binti mmoja niliyemfundisha. Shule ya msingi aliandikishwa na shangazi: Hadija Hamisi. Kidato cha kwanza mwalimu akaandika Khadija Hamis. NIDA alikwenda na kaka yake, wakaongeza jina la ukoo. Cheti cha kuzaliwa kilikatwa akiwa na miaka kumi na tisa, mtu wa dirishani akaandika anavyosikia. Mtu mmoja, majina manne. Siku ya kujaza akaunti ya ajira, mfumo ulivuta jina la NIDA, vyeti vikasema vingine. Alipiga simu analia, dirisha limebaki siku mbili. Hakuwahi. Alingoja tangazo jingine.

Dawa yake ni hati ya kubadili jina, wanaiita dipoli. Unaitengeneza kwa wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ifanye sasa, ukiwa bado chuoni, si siku tangazo limetoka. Na kama mdogo wako yuko darasa la sita au la saba leo, nenda na cheti chake cha kuzaliwa shuleni, muombe mwalimu mkuu alinganishe jina kabla halijakwenda NECTA. Likishapita kwenye mtihani wa taifa, kulirekebisha ni safari. Wazazi, hii ndiyo kazi moja katika ukurasa huu mzima inayoweza kufanyika kesho asubuhi bila shilingi nyingi, nami naiomba kwa moyo wangu wote.

Siku ya usaili niende na nini?

Vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa. Kitambulisho: cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Jaza vizuri mahali unapoishi kwenye akaunti yako, kwa sababu usaili wa walimu umekuwa ukifanyika kwa mikoa, na kuna waliojikuta wamepangiwa mbali kwa kuacha anwani ya zamani ya chuoni.

Kuhusu maswali, soma somo lako, usiishie kwenye masuala ya jumla. Mwalimu wa Kemia ataulizwa Kemia. Pia jua kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, mbinu za kufundisha, upimaji, na maadili ya kazi.

Kuna mtu anasema nikimpa laki tano ananiwekea jina. Nimpe?

Usimpe. Nafasi haiuzwi, na huyo mtu hana mfumo wowote mkononi. Ndugu yangu wa damu alitoa pesa ya korosho ya msimu mzima kwa mtu aliyevaa vizuri na kuongea kwa uhakika. Simu ikazimwa. Katoe taarifa TAKUKURU.

Ninapongoja ajira, nifanye nini?

Fundisha. Nenda shule ya karibu, ongea na mkuu wa shule au mwalimu mkuu, jitolee hata vipindi sita kwa wiki, omba barua ya utambulisho na uitunze. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto wamejaa madarasani, na hakuna mkuu wa shule atakayemfukuza mwalimu wa Fizikia. Zungumza wazi kuhusu nauli na chakula, shule nyingi zina utaratibu na wazazi. Mwaka mmoja wa kujitolea utakusaidia kwenye usaili kuliko daftari lolote la maswali, kwa sababu utakuwa unajibu kwa mambo uliyoyaona.

Naweza kuchagua kupangiwa Mtwara au Lindi?

Kupangwa ni uamuzi wa mwajiri. Unaweza kupelekwa Kigoma, na wa Kigoma akaletwa Ruangwa. Uhamisho upo, unaombwa kwa mfumo wa watumishi, lakini mtumishi mpya anatarajiwa kukaa kituoni kwanza, kwa kawaida miaka mitatu.

Nikiripoti kazini mambo yanakwendaje?

Unaripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri na vyeti vyako halisi. Vinakaguliwa, unajaza fomu, unafunguliwa jalada. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015 na kuanza kazi Julai 2016, ina ofisi wilayani, na ndiyo inayoshughulikia usajili wako, kuthibitishwa, kupandishwa daraja na nidhamu. Unapewa cheki namba, yaani namba yako ya utumishi. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, kwa hiyo usije na nauli tu. Omba na fedha ya kujikimu, ni haki ya mwajiriwa mpya.

Mwaka wa kwanza ni wa matazamio. Baada ya miezi 12 unathibitishwa. Fuatilia barua ya kuthibitishwa wewe mwenyewe, weka nakala nyumbani kwenye bahasha ya plastiki, maana mchwa wa huku hawachagui.

Ngazi za mshahara: Astashahada TGTS B, Stashahada TGTS C, Shahada TGTS D. Ukitazama hati ya mshahara utaona makato ya kodi, asilimia 5 ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), asilimia 3 ya bima ya afya, na aliyekopa Bodi ya Mikopo asilimia 15. Ukishajua hayo mapema hutakopa kwa watu wa riba mwezi wa pili.

Na leseni ya ualimu?

Bunge lilipitisha mwaka 2018 Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, inayohusu kusajili walimu na kuwapa leseni. Wewe tunza vyeti vyako na kumbukumbu za mafunzo ya kazini, yale tunayoyaita MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Ndizo zitakazodaiwa.

Nimezaliwa mjini Lindi. Nikipangiwa kijijini nitaweza?

Mwalimu aliyekuja shuleni kwetu kutoka mjini aliuliza swali hilohilo. Wiki ya kwanza alishangaa maji yananunuliwa kwa ndoo na wakati wa kiangazi bei inapanda. Mama mwenye nyumba akamwonyesha kisima cha kuvunia mvua na namna ya kufunga mfereji wa bati. Wazazi wakamletea mbaazi. Mwezi wa kumi alipoona nusu ya darasa haipo, hakuwaandikia adhabu. Alikwenda mashambani, akawakuta wanaokota korosho na mama zao, wakakubaliana: asubuhi shule, alasiri korosho. Alirudi na vumbi mpaka magotini. Jumatatu iliyofuata nilipita dirishani kwake nikahesabu vichwa. Walikuwa 51, na wa nyuma kabisa alikuwa bado anafuta mafuta ya korosho vidoleni ili ashike kalamu.